Muyaka Anasomwa Maskati

Wakitajwa mabingwa wa kejeli wa zama zile Ulaya ilipojiona imeelimika, huja kwanza Voltaire, aliyetiwa gerezani Bastille mwaka 1717 kwa beti za kumdhihaki aliyeshika utawala wa Ufaransa. Anastahiki. Lakini Voltaire alipofariki mwaka 1778, kule Mombasa Muyaka bin Haji alikuwa mtoto mchanga, na sisi wakaazi wa Maskati tuna neno naye.

Karibu na mwaka 1812 Mombasa na Pate walishindwa na Lamu katika vita vya Shela, na Lamu ikajiweka chini ya Seyyid Said wa hapa Maskati. Muyaka alikuwa mtu wa Mazrui, watawala wa Mombasa. Akamrushia Seyyid na watu wa Lamu beti za kukebehi. Malenga wao, Zahidi Mngumi, naye hakukaa kimya. Tusimpambe Muyaka: hakupinga kutawaliwa, bali alitetea wakubwa wake. Na Voltaire si alikaa kwa mfalme wa Prussia?

Silaha yake ilikuwa fumbo. Mistari minne, mizani kumi na sita kila mmoja, mtu huishika kichwani akavuka nayo bahari bila kuhitaji mtambo wa chapa. Ndivyo zilivyodumu beti zake hadi Mwalimu Sikujua akamkusanyia Mwingereza Taylor, na Hichens akazichapisha mwaka 1940, miaka mia baada ya malenga kufariki.

Nilimsomea mzee mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Unguja. Akakunja uso: "Mwanangu, huyu si anatutukana sisi?" Nikamwuliza, sisi gani? Mazrui asili yao Oman, Busaidi asili yao Oman, na matusi yenyewe kwa Kiswahili. Bibi yake mzaa mama ni Mmazrui! Akacheka mpaka machozi, akataka nirudie polepole, maana Kimvita kilimpita.

Wajukuu zake wawili walikuwa wakitutazama tu. Kiswahili chao ni cha kuombea chai. Seyyid Said aliitwaa Mombasa mwaka 1837 lakini beti hakuzizima. Zitazimika humu majumbani mwetu, kwa watoto wasiojua kilichowachekesha babu zao.

Sasa kila Ijumaa baada ya chakula nawasomea wale wawili ubeti mmoja. Mdogo ameshaanza kuuliza nani anasemwa.