Mkalimani wa Amri

Uandikapo orodha ya amri za kompyuta, huwapo mkalimani ndani yake wa kuzisoma na kuzitimiza. Wakalimani hao ni wengi, wala msamiati wao si mmoja. Mwaka 2006 mfumo wa Ubuntu ulimwondoa Bash katika kiti kiitwacho "sh", ukamkalisha Dash, mwepesi wa kazi lakini mchache wa maneno. Katika kulinganisha maneno mawili, Bash huridhia "=="; Dash huikataa. Amri nyingi zilizotimizwa jana zikakwama. Mimi huandika "=" peke yake, iliyomo katika kanuni ya POSIX ya mwaka 1992. Wenzangu huniita bahili wa alama. Na waniite! Amri zangu hunakili hesabu za chama chetu cha akiba usiku wa manane. Mkalimani akibadilishwa saa hiyo, hapana mtu aliye macho wa kusahihisha.