Kanisa la Peramiho na Vita vya Majimaji

Mtu atokaye Ngumbo, katika pwani ya Ziwa Nyasa, akipanda milima ya Umatengo na kupita Mbinga, hufika Peramiho kabla ya kuuona mji wa Songea. Huko watawa wa Kibenediktini kutoka nchi ya Wadachi walianzisha misheni mwaka 1898, na mkubwa wao alikuwa Padre Cassian Spiss.

Wangoni walikuwa na ibada yao. Waliwaomba mahoka, yaani roho za babu zao, katika vibanda vilivyotengwa kwa kazi hiyo. Basi mwaka 1903 Padre Franziskus Leuthner alikichoma moto kibanda cha mahoka katika nchi ya Mputa Gama, mtawala wa Ungoni. Kibanda ni miti na nyasi tu. Mtu hodari hujenga kingine kwa siku mbili. Walakini babu zake Mputa walikuwa wakiitwa pale, naye hakusahau.

Mwaka 1905 watu wa Umatumbi waliinuka juu ya Wadachi kwa sababu ya kulimishwa pamba kwa nguvu. Habari ya maji yageuzayo risasi ikaenea mpaka Ungoni. Wangoni walikuwa na uchungu wao wenyewe: kodi, enzi iliyonyang'anywa, na majivu ya kibanda kile. Tarehe 14 Agosti Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa pamoja na wenzake wanne karibu na Liwale, akiwa safarini kutoka Kilwa. Tarehe 9 Septemba Wangoni walilichoma moto kanisa la Peramiho. Padre Leuthner naye aliuawa.

Wadachi walilipiza kwa moto vilevile: vijiji, mashamba, na maghala ya nafaka. Njaa iliua watu wengi kuliko bunduki.

Tarehe 27 Februari 1906 Mputa na wenzake wengi walinyongwa Songea. Kabla ya hayo Padre Johannes Häfliger aliingia gerezani akawafundisha, na baadhi yao walikubali kubatizwa. Mtu aliyefungwa, na kamba inamngoja nje, huchagua nini? Ni vigumu kumhukumu, aliyekubali na aliyekataa pia.

Kanisa lilijengwa tena, na mwaka 1931 Peramiho pakawa abasia. Walionyongwa walizikwa Songea, palipo sasa Makumbusho ya Majimaji. Kutoka kaburi lao hadi mlango wa kanisa ni kilometa zipatazo 24, mwendo wa siku moja kwa miguu.