Tukifika Mwamba

Kazi ya kuosha madirisha si ngumu. Maji, sabuni ya unga, kitambaa, gazeti la zamani la kukaushia, na mikono miwili. Hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kilicho kigumu ni lile swali ambalo mwenye nyumba hukuuliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, hata salamu hazijaisha: "Kwani shilingi ngapi?" Hapo ndipo vijana wengi tunapokwama. Ukitaja kubwa, mlango unafungwa. Ukitaja ndogo, mlango unafunguka lakini jioni unarudi ulikolala ukiwa na njaa ile ile uliyoondoka nayo. Na ukisema, "Mama, wewe toa tu chochote," basi ujue utapewa hicho hicho chochote.

Mimi ni mtu wa Mgori, mkoa wa Singida. Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu. Zinaanza mwishoni mwa mwaka na kufikia Aprili au Mei zimekwisha. Alizeti ikishapukuchuliwa na uwele ukishaingia ghalani, kijana ana miezi kadhaa ya kukaa chini ya mti akihesabu siku. Wengine hufyatua tofali, wengine huchimba vyoo na visima. Mimi na wenzangu wawili, wote tuliomaliza kidato cha nne bila kupata pa kuendelea, huwa tunakwenda Singida mjini kufanya deiwaka ya kuosha vioo. Anayeujua upepo wa Singida wakati wa kiangazi hatauliza kwa nini. Vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Dirisha uliloliosha Ijumaa, Jumapili limerudi kuwa jekundu. Kazi, kwa hiyo, ipo. Bei ndiyo haijulikani iko wapi.

Nimeona njia tatu za kupanga bei, na kila moja ina utamu wake na sumu yake.

Njia ya kwanza ni kuhesabu madirisha. Tuseme dirisha moja ni shilingi 1,000, nyumba ina madirisha 12, basi ni 12,000, kwisha maneno. Uzuri wake ni kwamba wote wawili mnahesabu kitu kile kile na kwa macho yenu, hakuna wa kumdanganya mwenzake. Nilipata kusoma kwamba hata serikali ya Uingereza iliwahi kuupenda urahisi huo. Mwaka 1696 iliweka kodi ya nyumba kwa kuhesabu madirisha, kwa sababu mtoza kodi aliweza kuyahesabu akiwa nje, bila kubisha hodi. Kodi ile ilidumu mpaka 1851, na watu wengine waliziba madirisha yao kwa matofali ili wasilipe. Nikawa nacheka peke yangu. Babu zetu Wanyaturu waliokaa kwenye nyumba za tembe, zenye vitundu vidogo tu vya kupitishia mwanga na moshi, wangekuwa na raha kubwa huko Uingereza. Wala asingekuwepo mtu wa kuwaosha vioo.

Sumu yake ni kwamba dirisha si dirisha. Kuna la alumini lenye vioo viwili vikubwa vya kusukuma, unalipitisha kitambaa mara mbili, gazeti mara moja, umemaliza. Kuna yale ya zamani yenye vioo vyembamba vilivyopangwa kama vipandio vya ngazi, mafundi huyaita luva. Hapo kila kimoja kina uso wa juu na uso wa chini, na ukikosea kukishika kinachomoka. Kuna lenye grili upande mmoja na wavu wa mbu upande wa pili, mkono haupenyi, na huo wavu wenyewe umebeba vumbi la miaka mitatu. Mwenye nyumba anayahesabu yote sawa. "Dirisha ni dirisha, bwana mdogo," anakwambia. Kwake ni kweli. Kwa mwenye kidole kilichochunwa na grili si kweli hata kidogo.

Njia ya pili ni kulipwa kwa siku. Hapa angalau kuna mahali pa kuanzia. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama 5,385 kwa siku. Lakini amri hiyo ilimtazama aliyeajiriwa. Sisi tunaojiajiri hatuna kima cha chini, tuna kima cha aibu, yaani ile bei ambayo ukiitaja mwenyewe unatazama chini.

Halafu malipo ya siku yana jambo moja ambalo sikulijua mpaka nilipoifanya kazi yenyewe. Nilipoanza niliweza kuosha madirisha sita mpaka jua linatua. Siku hizi naweza 12 na saa tisa alasiri nimeshanawa mikono. Kwa malipo ya siku, wepesi wangu wote huo ni faida ya mwenye nyumba, maana nikimaliza mapema atanitafutia na banda la kuku nilifagie. Kwa malipo ya dirisha, wepesi ni wangu. Ndiyo maana fundi mzoefu asilani hapendi kulipwa kwa siku, na anayejifunza anapenda sana. Wenye nyumba nao wameshalijua hilo. Wakikuona mzoefu watasema siku, wakikuona mgeni watasema dirisha.

Njia ya tatu ni jumla, au kama tunavyosema vijiweni, "kula kichwa kizima." Nyumba nzima kwa bei moja. Hii inapendwa na watu wenye haraka, hasa wenye nyumba mpya wanaotaka kuhamia kesho. Na hii ndiyo inayozika vijana wengi, kwa sababu unakubali bei ya kitu usichokiona.

Hapa sina budi kurudi Mgori, kwa wachimbaji wa vyoo na visima, maana wao ndio walimu wangu kuliko mtu yeyote wa mjini. Baba yangu mdogo amechimba mashimo tangu ujana wake. Bei yake ni kwa futi, na haiko sawa kutoka juu mpaka chini. Futi za kwanza ni rahisi, udongo anautupa nje kwa koleo. Akishazama kupita kimo chake, udongo unavutwa kwa ndoo na kamba, anahitajika mtu wa pili juu, na bei inapanda. Hayo kila mtu anayajua na hakuna anayebishana. Lakini Singida ni nchi ya mawe. Mtu anaweza kuchimba kichanga laini futi kumi, ya kumi na moja sururu ikalia kama kengele. Kwa hiyo kabla hajavua shati, baba mdogo humwambia mwenye kazi sentensi moja, mbele ya shahidi: "Tukifika mwamba, tutazungumza upya."

Sentensi hiyo ndiyo bei yake. Zile shilingi za kila futi ni hesabu tu. Mwenye kazi akiikataa sentensi hiyo, baba mdogo anachukua sururu yake anaondoka, hata kama futi imeongezwa fedha. Zamani nilidhani ni kiburi cha wazee. Kumbe alikuwa anakataa kuubeba mwamba wa mtu mwingine. Hakuna kati yao anayejua chini kuna nini. Basi kwa nini mmoja tu ndiye abebe hasara ya kutojua, tena yule mwenye fedha kidogo?

Nikaanza kujiuliza, katika kuosha madirisha mwamba ni nini? Jibu nilikutana nalo kwenye nyumba mpya. Mafundi wa lipu na rangi wakishaondoka huacha vioo vina matone ya saruji na rangi iliyokauka. Vumbi unalitoa kwa kitambaa. Saruji unailowesha, unasubiri, unaikwangua kwa wembe taratibu, kioo kikiwa kimelowa, maana kikiwa kikavu kinakwaruzika, na kioo kikikwaruzika ni kesi. Dirisha moja la hivyo linaweza kula muda wa manne ya vumbi.

Mzee mmoja alituita kwenye nyumba yake ya madirisha 15. Akataka jumla, akataja 20,000.

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia, "tunaomba kwanza tuzunguke wote."

"Mzunguke kutafuta nini? Vioo si hivyo mnaviona?"

"Kioo chenye vumbi ni bei moja, mzee. Chenye saruji ni nyingine."

Alinuna, lakini alikuja. Tukazunguka naye, yeye mwenyewe akihesabu kwa kidole. Vumbi tisa, saruji sita. Tisa kwa 1,000 ni 9,000. Sita kwa 3,000 ni 18,000. Jumla 27,000. Akasema 25,000 na tusimwongezee neno. Tukakubali. Sikusoma mahali popote namna ya kumshawishi mtu. Nilichofanya ni kuuonyesha mwamba kabla sururu haijaugonga. Tangu siku hiyo, nikiulizwa ngapi, nauliza kwanza mambo manne: maji ni ya nani, ngazi ni ya nani, grili iko ndani au nje, na nyumba ni mpya au ya zamani. Bei hutoka humo. Na tukiafikiana, nayarudia yote kwa sauti mwenzangu akisikia. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata mapatano ya mdomo. Si kwamba nitampeleka mtu mahakamani kwa ajili ya shilingi 3,000, ila maneno yakishasemwa mbele ya mtu wa tatu huwa mazito kuyameza.

Liko jambo la ndugu. Mjomba wangu anakaa mjini, ana nyumba ya madirisha mengi, na aliniambia, "Mpwa, nifanyie bei ya nyumbani." Alimaanisha nusu. Nilifikiri sana. Kule Mgori, shamba la mjomba likihitaji palizi, watu wanakuja na majembe, wanakula, wanakunywa pombe ya mtama, jioni wanaimba. Hakuna anayelipwa hata senti, na kesho palizi ni kwako. Hiyo kazi haina bei, na ni kubwa kuliko bei. Lakini nusu bei ni kitu gani? Si undugu, maana fedha imetolewa. Si biashara, maana haitoshi. Basi nikamwoshea mjomba madirisha yote bure. Nikala kwake, nikalala kwake. Wiki iliyofuata jirani yake aliniita, kwa bei kamili, akisema nimesifiwa.

La mwisho ndilo lililotuuma zaidi. Mmoja wetu watatu mama yake alilazwa hospitali. Siku hiyo tulikuwa tumempa bei mwenye duka moja, naye akasema atafikiri. Mwenzetu akarudi peke yake kimya kimya, akafanya kwa nusu. Tuliporudi kesho yake, mwenye duka akacheka: "Mbona mwenzenu kafanya kwa nusu? Nyie mlitaka kuniibia?" Kuanzia hapo bei yetu kwake ikawa ile ile nusu, na akawaambia na majirani.

Tulikaa watatu jioni pembeni ya Ziwa Kindai, hakuna aliyetaka kuanza kusema. Kumlaumu tungemlaumu vipi? Dawa hazingoji. Lakini nusu ile ilikuwa imetukata wote, na yeye pia, kwa sababu wiki iliyofuata mama yake alikuwa bado amelazwa na bei imeshashuka. Akasema, akitazama maji, "Sasa mlitaka nifanyeje?"

Tulichoafikiana usiku ule ni hiki: mwenye shida apewe kazi, bei isipewe shida. Mmoja wetu akibanwa, nyumba mbili tatu zinazofuata ni zake, kwa bei ile ile kamili, na wengine wawili wanamsaidia kubeba maji na kushika ngazi bila kudai. Akishatoka kwenye shida, zamu zinarudi. Hakuna karatasi wala mwenyekiti. Mwezi ule yeye alifanya nyumba tatu mfululizo. Mimi nilishika ngazi, na kusema kweli nilishinda na mkate na chai tu siku mbili, lakini bei haikushuka kwa nyumba hizo.

Mama yake alitoka hospitali, yuko Mgori, anatembea. Mwenye duka bado anataja nusu yake kila tukipita, na sisi tunamsalimia vizuri na kuendelea na safari. Vioo vyake vimekuwa vyekundu kama tofali. Kiangazi hakijaisha, na upepo wa Singida haujui kupatana bei.