Mwandishi Mwenye Mkono Wazi

Wazee wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia sana kwa habari za nyumba na chakula. Leo nataka kuitumia kwa habari za vitabu. Maana yuko mgeni aingiaye nyumbani mwetu bila kupiga hodi, akakaa na watoto wetu mpaka taa izimwe, wala hagusi sahani yetu. Mgeni huyo ni mwandishi. Twayajua mawazo yake, twayacheka maneno yake, pengine twalia naye. Lakini tukipishana naye njiani hatutamtambua. Je, siku tukimwona uso kwa uso, atafanana na kitabu chake?

Swali hili lilijibiwa na watu wengi sana mwezi wa Aprili 2020, alipofariki Ken Walibora wa Kenya. Wengi wenu mwalijua jina hilo. Huyu ndiye aliyetunga Siku Njema, kitabu kilichotolewa mwaka 1996, chenye habari za kijana Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, ambaye baada ya kufiwa na mama yake anashika njia kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ndiye pia aliyetunga Kidagaa Kimemwozea, kilichosomwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa. Alitangaza habari katika televisheni ya NTV, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, akafundisha Wisconsin, kisha akarudi kwao. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula. Kwa kuwa "aula" maana yake ni bora, yeye akajiita Walibora. Mtu awezaye kulichezea jina lake mwenyewe namna hiyo, hapana shaka anaipenda lugha.

Kifo chake kilikuwa cha huzuni. Tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, aligongwa na gari mjini Nairobi. Jamaa na rafiki zake walimtafuta kwa siku kadhaa, na habari za kifo chake zikatangazwa tarehe 15. Tazameni jambo hili. Mtu ambaye sauti yake ilijulikana katika maelfu ya nyumba, ambaye wanafunzi walikariri majina ya wahusika wake kama majina ya ndugu zao, alilala siku zile zote bila mtu wa kumwita kwa jina. Tena ilikuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Njia za kuingia na kutoka Nairobi zilikuwa zimefungwa, na mazishi yalikuwa ya watu wachache. Wasomaji wake hawakuweza kwenda kumsindikiza.

Basi wakafanya lile lililobaki: wakasimulia. Magazetini na redioni watu walieleza jinsi walivyokutana naye. Nami nilifuata habari hizo kutoka hapa Goma, maana shule zetu nazo zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na mpaka wa kwenda Rwanda ulikuwa umefungwa kwa watu. Nilidhani watasifu vitabu vyake na tuzo zake. Walisifu, ni kweli, lakini si kwa hayo walikaa sana. Walisimulia mambo madogo: aliyefika shuleni kuzungumza na wanafunzi, aliyempa moyo mtunzi asiyejulikana, aliyeujibu ujumbe wa mtu asiyemfahamu. Mambo ya robo saa tu. Na watu waliyahifadhi kwa miaka mingi, kama mtu ahifadhivyo barua ya baba yake sandukuni.

Nimejiuliza kwa nini robo saa ya mwandishi ina uzito huo. Naona sababu ni hii. Msomaji amekwisha kukaa na mwandishi saa nyingi, wala mwandishi hana habari. Ni urafiki wa upande mmoja. Siku mwandishi anapogeuka na kumwuliza msomaji, "Wewe waitwa nani? Wasoma wapi?", urafiki ule unapata upande wake wa pili. Kijana aliyekuwa akipokea tu anatambua kwamba naye ni mtu wa kusikilizwa.

Walibora aliujua vema uovu ulio kinyume cha ukarimu huu, kwa kuwa aliuandika. Katika Kidagaa Kimemwozea, kijana Amani anatunga kitabu, na mwalimu Majisifu, mtu wa sifa kubwa, anakitoa kwa jina lake mwenyewe. Mkubwa anamla mdogo. Lakini mtungaji wa hadithi hiyo alifanya kinyume cha Majisifu. Mwaka 2007 yeye na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar walihariri mkusanyo uitwao Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, na ndani yake wakaweka hadithi za waandishi wengine kando ya zao. Kumfungulia mwenzako mlango na kuliacha jina lake mlangoni, huo nao ni mkono wazi.

Sasa nieleze kwa nini habari hizi zinatuhusu sisi wa Goma. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na hapa Kivu ndicho tunachonunulia na kuuzia, ndicho tunachogombania na kupatania. Lakini shuleni mtoto akishapanda madarasa, vitabu vyake ni vya Kifaransa. Mwaka mmoja kabla ya korona nilikuwa nikiwasomea wanafunzi wangu kurasa za Siku Njema saa ya mwisho ya Jumamosi. Nakala ilikuwa moja tu. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, waandishi wa vitabu huwa wanaishi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Kila jina aliloliona juu ya kitabu lilikuwa la mtu wa Ulaya aliyezikwa zamani. Nikamjibu kwamba huyu yu hai, yuko Nairobi, na mtu akipanda basi kupitia Uganda atafika. Macho yake yakang'aa.

Shule zilipofunguliwa tena, msichana yule alikuwa amekwisha kusikia. Akaniambia kwa upole tu: "Basi na huyu naye amekufa, mwalimu."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Niliona kwamba nisipofanya jambo, mtoto huyu atarudi kuamini kwamba kitabu ni kitu cha wafu na wa mbali. Nikamtafuta mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akitunga michezo ya redio. Akaja kwa miguu, na madaftari yake katika mfuko wa plastiki. Hakutoa hotuba. Aliwaonyesha watoto kurasa zake, na kurasa zenyewe zilikuwa zimejaa mistari ya kufuta. Neno moja alikuwa amelibadili mara nne. Watoto walisongamana kuyatazama yale makosa kuliko walivyowahi kutazama ukurasa safi. Msichana yule akamwuliza: "Babu, hata wewe unakosea?" Mzee akamjibu: "Mjukuu wangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe." Tangu siku hiyo daftari lake la insha lina mistari ya kufuta, wala haoni haya.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema kazi ya mwandishi ni kuandika, na kumburuta shule hata shule ni kumwibia vitabu ambavyo angeviandika. Neno lake lina kweli ndani yake. Wako waandishi wenye haya, na wana haki ya kukaa kimya mezani pao. Tena wako wasomaji wasio na kiasi: wakimpata mtu mkarimu humtaka asome miswada, aandike dibaji, atafute mchapaji, mwisho alipe na karo. Ng'ombe akikamuliwa mpaka damu, kesho hakuna maziwa. Kwa hiyo ukarimu wa mwandishi wataka adabu ya msomaji.

Adabu hiyo ni nini? Kwanza, nunueni kitabu ikiwezekana, hata kama familia tatu zitachanga kwa nakala moja. Kumpenda mtunzi na huku kuuza nakala za kitabu chake zilizotolewa kwa mashine ni kumpa mkono wa kulia na kumwibia kwa mkono wa kushoto. Pili, mkimpata mwandishi, mwambieni ukurasa gani uliwagusa na kwa nini. Hiyo ni zawadi kwake kuliko sifa tupu. Tatu, wafundisheni watoto kutoa shukrani mapema. Yale yote mazuri yaliyosemwa juu ya Walibora katika wiki zile yalikuwa ya kweli, lakini masikio yaliyostahili kuyasikia yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Nanyi akina baba na akina mama msiseme hapa kwetu hakuna waandishi. Yuko mwalimu mwenye daftari la mashairi, yuko mama atungaye nyimbo za kwaya, yuko mtangazaji anayeandika kila asubuhi kabla ya kusema. Mji wetu umepitiwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, umepitiwa na vita mara nyingi, na nyumba nyingi zimepoteza kila kitu pamoja na vitabu. Wanaobaki ni watu wanaojua kusimulia. Juma hili mpelekeni mtoto wenu kwa mmoja wao, achukue kalamu na karatasi, na amwulize swali moja.