Chupa za Marehemu Baba

Marehemu baba katuachia chupa nne za mvinyo wa Dodoma. Alizinunua Bihawana, misheni ambako mapadri walipanda mizabibu, akazipakata kwenye basi hadi Babati kupitia Kondoa, enzi za vumbi, kabla lami haijakamilika 2018. Zimesimama juu ya kabati, bati likizichoma.

Kaka hataki zifunguliwe: eti mvinyo ukikaa ndiyo unanoga. Wapi! Unaonoga ni ule uliolazwa mahali pa baridi, kizibo kisikauke. Huu wetu huenda sasa ni siki. Lakini siki haiui mtu. Kaka anaogopa chupa tupu.

Mama kaosha glasi. "Alitaka tunywe siku ileile," kasema. "Mimi ndiye nikamwambia, baba wawili, ngoja Krismasi."

Jumamosi tunafungua moja. Tatu zilizobaki, ndugu msomaji, bado tunabishana.