Si Mwezi Wetu, na Mimi Si Mwanafunzi

Wasee, kuna jiwe angani linaitwa Kamoʻoalewa. Liligunduliwa Hawaii mwaka 2016, na ni dogo tu, kati ya mita 40 na 100 hivi. Ukiliangalia kutoka duniani, unaona ni kama linatuzunguka sisi, kama mwezi. Wapi! Linazunguka jua, na mzunguko wake unakaribia sana mwaka wetu mmoja, ndiyo maana haliachani nasi.

Nilisoma hiyo stori kwa simu saa nne asubuhi, begi mgongoni, sina pa kwenda. Miezi minne nilikuwa namuaga mathe kila siku eti naenda klasi, na chuo nilikuwa nimeacha kitambo. Karo ilikataa. Lakini ukiwa kwetu, ungeapa mimi ni mwanafunzi.

Jioni hiyo nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele. Alizima jiko, akakaa, akauliza, "Na zile nauli nilikuwa nakupa?"

Nilikosa jibu. Kuacha chuo sioni aibu. Aibu ni zile nauli. Jiwe halidanganyi mtu, ni sisi tunaliangalia kutoka upande mmoja. Mimi nilidanganya.

Na kuna hii: likianza kwenda mbali, nguvu ya uvutano ya dunia hulirudisha. Halivuki takriban mara 100 ya umbali wa mwezi.

Kesho yake nikapata mathe ameniwekea chai, kama kawaida. Nauli hakuweka.