Barua kutoka Ufini: Mtoto Apewe Kazi Pamoja na Hesabu Yake



Nchini Ufini kila mwanafunzi wa darasa la saba, mvulana kwa msichana, husoma kwa lazima somo la maarifa ya nyumbani, ambamo hufundishwa kupika, kufua, kusafisha, kupanga matumizi ya fedha na kusoma maelezo yaliyo kwenye pakiti za vyakula. Na kazi za mikono zimo katika shule za umma za nchi hiyo tangu mwaka 1866, kwa juhudi za kasisi Uno Cygnaeus, mwasisi wa shule hizo. Hata hivyo, Mtanzania anayeishi huko hawezi kusema kwamba mtoto wa Kifini ni mchapakazi kuliko wa mkoani Njombe, kwani huyu wa pili hujua kuchota maji, kutafuta kuni, kupalilia viazi na kumbeba mdogo wake mgongoni katika umri ambao mwenzake wa Helsinki bado yuko shule ya awali.

Tofauti iko kwingine. Katika somo hilo kikundi cha watoto wachache hukabidhiwa mlo mzima: hugawana majukumu, hupima unga, hupika, huandaa meza, hula, huosha vyombo, kisha hueleza kilichoharibika na sababu zake. Mtoto wa Njombe mara nyingi hupewa kipande tu cha kazi ambayo mwanzo wake na hesabu yake vimebaki kwa wakubwa, hivyo miaka hupita akiwa amelizoea jembe bila kuulizwa hata mara moja mbegu ipi inunuliwe, wala kuoneshwa fedha ya mavuno ilikwenda wapi.

Hapo ndipo dhana ya stadi za maisha inapohitaji kufafanuliwa. Stadi hizo, kama Shirika la Afya Duniani lilivyozieleza katika miaka ya 1990, ni pamoja na uwezo wa kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kuwa na fikra tunduizi, yaani kuipima hoja kabla ya kuikubali, kuwasiliana, kujitambua na kuzimudu hasira na huzuni. Tanzania ilizizoea zaidi kupitia elimu ya UKIMWI, na Njombe ina sababu ya kuzichukulia kwa uzito, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na VVU, kiwango kinachozidi cha mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Lakini uwezo wa kukataa, au wa kumuuliza mtu mzima anayetoa zawadi anataka nini, hauji kwa kukariri orodha ya ubaoni. Hukua kwa mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani katika mambo madogo, na binti wa Makambako, mji ambamo barabara kuu ya Tunduma, barabara ya Songea na reli ya TAZARA hukutana, na ambamo wasafiri hulala usiku mmoja na kuondoka, anahitaji uwezo huo mapema.

Wazo la kumkabidhi mtoto kazi nzima halikutoka Ulaya. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba la shule, watunze hesabu zake na waamue matumizi ya mapato. Shule nyingi zilichukua jembe na kuyaacha maamuzi, hata shamba likageuka mahali pa kutumikia adhabu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyokubaliwa, kwa sababu imewafundisha vijana kuiona kazi ya mikono kuwa fedheha.

Gharama ya kumnyima mtoto maamuzi inaonekana jikoni. Njombe huvuna mahindi, viazi mviringo, maharage na maparachichi kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi mno kwa umri wao. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi na uzito wa kazi za mama shambani; hata hivyo, kijana wa miaka 13, hata wa kiume, anayejua kwamba uji wa mahindi mtupu hautoshi, na anayeweza kuuongezea maharage yaliyopondwa au parachichi, ni msaada mkubwa kwa mdogo wake.

Gharama hiyo iko pia kwenye gunia. Lumbesa, ule ujazo wa viazi unaopandishwa juu ya mdomo wa gunia na kushonewa kamba, inakatazwa na sheria ya vipimo, ambayo kikomo chake ni kilo 100 kwa gunia, lakini huendelea pale ambapo muuzaji hapimi. Mwanafunzi aliyejifunza kugawanya na kuzidisha angeweza kusimama kando ya mizani na kumwambia baba yake ni kilo ngapi zinazoondoka bure, endapo angeitwa.

Miti nayo inafundisha. Kupitia programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza mwaka 2014, serikali za Ufini na Tanzania zilishirikiana na wakulima wa Njombe katika kupanda misonobari. Na kijana anayepewa robo ekari yake hujifunza kuandika gharama za miche na palizi, kuilinda miti dhidi ya moto, na kukataa bei ya dalali anayetaka miti michanga.

Si kila familia ina ardhi ya kutosha kwa miti. Kinyungu kimoja, yaani bustani ndogo ya bondeni inayolimwa msimu wa kiangazi, kinatosha kuanzia, iwapo mzazi atamwachia kijana achague mboga ya kupanda, atamkopesha fedha ya mbegu kwa makubaliano yaliyoandikwa, na atavumilia asiingilie hata akiona mstari umepinda. Kila Jumapili daftari lisomwe mbele ya familia: kilichotumika, kilichouzwa, kilicholiwa nyumbani kikihesabiwa kwa bei ya sokoni, na deni lililobaki.